Siku moja Charleston: uende Middleton Place, Magnolia, Drayton Hall, Boone Hall au McLeod?

Ukiwa na siku moja tu ya kutembea nje ya mji wa Charleston, South Carolina, huwezi kuona kila kitu. Kuna mashamba makubwa matano ya enzi ya utumwa yanayopokea wageni, yote chini ya mwendo wa saa moja kwa gari kutoka katikati ya mji. Drayton Hall, Magnolia na Middleton Place yamefuatana kando ya mto Ashley. McLeod iko kwenye kisiwa cha James, na Boone Hall iko upande wa Mount Pleasant. Kila moja lina kiingilio chake, na kila moja linakula nusu siku kama hutaki kupita mbio. Matangazo yao yanafanana mno: mialoni mikubwa, nyumba ya fahari, maua, daraja jeupe juu ya maji. Ndiyo maana wageni wengi huchagua kwa kutazama picha, wakarudi hotelini bila kujua hasa wametembelea nini.

Mimi napima kwa maswali mawili. Ni maisha ya nani yanayosimuliwa pale? Na maji yalifanya kazi gani? Swali la pili linaweza kuonekana geni, lakini ndilo linalofunga pamoja nyumba, bustani na kinamasi, vitu ambavyo tiketi huviuza kimoja kimoja kana kwamba havijuani.

Mpunga ndio ulioanza

Waingereza waliuanzisha mji wa Charleston mwaka 1670, na katika karne ya 18 utajiri wake ulitoka kwenye mpunga na nili. Pamba ilishika baadaye. Mpunga ulitaka watu wanaoujua. Matajiri wa Charleston waliwatafuta kwa makusudi mateka kutoka Senegambia na pwani ya Sierra Leone, ambako watu walikuwa wamelima mpunga kwa vizazi na vizazi. Wengine wengi sana walitoka Kongo na Angola. Kundi la Wakongo ndilo lililoongoza uasi wa watumwa wa Stono wa Septemba 1739, karibu na mto Stono, si mbali na mashamba haya tunayoyalinganisha. Biashara ya kuleta watu kutoka Afrika ilipigwa marufuku kuanzia 1 Januari 1808, lakini miaka minne ya mwisho kabla ya hapo meli zilijazana bandarini, na baadhi yake zilitoka mbali hadi pwani ya Msumbiji.

Watu hao ndio waliokata miti ya vinamasi, wakachimba mitaro, wakainua matuta ya majaruba na kuweka milango ya mbao ya kufungulia na kuzuia maji. Kwenye mito inayofikiwa na bahari, mlango ukifunguliwa kwa wakati wake, maji yakijaa huyasukuma maji baridi ya mto hadi ndani ya majaruba. Yakipwa, huyavuta nje. Mkulima wa delta ya Rufiji au ya Tana, anayepanda mpunga kwa kufuata kujaa na kupwa, hahitaji kuelezwa mara mbili. Kazi ya huku ilifanyika kwa shuruti, ndani ya tope lenye nyoka na mbu, chini ya wanyapara, na malaria iliua vibaya. Wenye mashamba walihama miezi ya joto kwenda mjini au milimani kuikwepa homa. Waliobaki ni wale wasio na ruhusa ya kuondoka.

Mashamba yaliyo mbali na nguvu ya bahari yalihitaji maji ya akiba, kwa hiyo vinamasi vilizibwa vikawa mabwawa ya kumwagilia mpunga. Baadhi ya vinamasi ambavyo leo tunalipa kuvitembelea ili kutazama yangeyange na aligeta, mnyama wa jamii ya mamba, ni mabwawa hayo hayo. Ukilijua hili kabla ya kununua tiketi, utaona mengi zaidi.

Bustani: Middleton dhidi ya Magnolia

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu bustani hizi mbili ziko jirani, mwendo wa dakika chache kwa gari, na zote zinasifiwa sana.

Bustani ya Middleton Place ilianzwa mwaka 1741 na Henry Middleton, na ndiyo bustani kongwe ya mpangilio rasmi iliyobaki Marekani. Imechorwa kwa mtindo wa Ulaya ya karne ya 17: mistari iliyonyooka, vyumba vya ua wa miti, sanamu mwisho wa njia, na ngazi pana za majani zinazoshuka kilima hadi kwenye maziwa mawili yaliyochongwa kama mabawa ya kipepeo. Ng'ambo ya maziwa hayo unauona mto Ashley. Eneo lenyewe ni ekari 65. Simama juu ya ngazi hizo utazame chini: kila tuta na kila mteremko ni udongo uliochimbwa kwa jembe, ukabebwa kichwani, ukamwagwa. Watu waliojua kuinua matuta ya mpunga ndio waliojenga ngazi hizi. Bustani na majaruba ni ufundi mmoja na mikono ile ile.

Magnolia ni kinyume chake. Familia ya Drayton ilifika pale mwaka 1676, na mali hiyo bado iko mikononi mwa ukoo huo. Bustani unayoiona leo ilichukua sura yake hasa kuanzia miaka ya 1840, chini ya Mchungaji John Grimké Drayton, aliyetupa mistari iliyonyooka akafuata mtindo wa kimahaba wa Kiingereza. Njia zinapinda, maua ya azalia yanajimwaga juu ya maji meusi, madaraja yanatokea ghafla, huoni unakokwenda mpaka umefika. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe familia ilifilisika, na ikaanza kuwafungulia wageni bustani hiyo karibu na mwaka 1870 ili kuokoa mali. Kwa hiyo Magnolia imekuwa kivutio cha watalii kwa takriban karne moja na nusu, na inaijua kazi hiyo.

Kuna jambo moja la mchungaji huyo ambalo halitoki akilini mwangu. Shangazi zake, Sarah na Angelina Grimké, walizaliwa Charleston katika familia ya wamiliki wa watumwa, wakaondoka kwenda kaskazini, wakawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kusimama hadharani kupinga utumwa. Mpwa wao alibaki na shamba, na bustani aliyoitunza iliendelezwa na watu aliowamiliki. Mmoja wao, Adam Bennett, ndiye aliyeisimamia kazi ya bustani. Ukienda Magnolia, uliza habari za Adam Bennett. Jina lake linastahili kutajwa kila linapotajwa la mchungaji.

Basi ipi ni nzuri zaidi? Kwa jicho langu, Middleton. Ina utulivu na ukubwa ambao Magnolia haina, na watu hawasongamani. Lakini kama unakuja mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, azalia zikiwa zimechanua, Magnolia inaweza kukubadilisha mawazo, kwa sababu rangi zake wakati huo hazina mfano mjini kote. Ukija kati ya Desemba na Februari, rudi Middleton ukatazame kamelia. Inasemekana za kwanza zililetwa pale miaka ya 1780 na mwanabotania Mfaransa André Michaux. Wasomaji wa Kericho, Mufindi na Rungwe watayatambua majani yake mara moja, maana kamelia ya maua na mchai ni ndugu wa jenasi moja. Miezi ya Juni hadi Agosti bustani zote mbili huwa za kijani tu, na joto lenye unyevu hukuchosha kabla ya saa sita mchana.

Nyumba na waliokaa humo

Middleton haina tena nyumba kubwa. Wanajeshi wa Muungano, yaani jeshi la kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliichoma Februari 1865, na tetemeko la ardhi la mwaka 1886 likaangusha kuta zilizosalia. Limebaki jengo la pembeni la mwaka 1755, ambalo sasa ni makumbusho yenye samani na picha za familia. Henry Middleton alikuwa rais wa pili wa Bunge la Kwanza la Makoloni mwaka 1774. Mwanawe Arthur alitia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776, lile linalosema watu wote wameumbwa sawa. Ndani ya nyumba nyingine ndogo, iliyojengwa kwa ajili ya watu walioachwa huru na inayoitwa Nyumba ya Eliza, kuna orodha ya majina ya watu takriban 2,800 waliomilikiwa na ukoo huo. Ilikusanywa kutoka kwenye hati za familia yenyewe. Majina yana bei kando yake.

Nasema wazi kwamba orodha hiyo, kwangu, ina uzito kuliko samani zote za makumbusho. Aliyewahi kushuka kwenye vyumba vya chini pale Mkunazini, Unguja, anajua jinsi mahali padogo panavyoweza kubeba jambo kubwa. Usipite Nyumba ya Eliza kwa sababu tu haimo kwenye picha za matangazo. Nje kuna uwanja wa mafundi: mhunzi, mtengeneza mapipa, mfinyanzi, mfumaji, wote wakifanya kazi mbele yako. Watoto hukaa hapo muda mrefu kuliko kwenye maua.

Magnolia ina nyumba pia, lakini si ya asili. Iliyokuwepo iliungua, na sehemu kubwa ya hii ya sasa ililetwa kwa mashua kutoka Summerville baada ya vita. Sikushauri ulipie ziara ya nyumba hiyo kama muda wako ni mfupi. Kilicho muhimu zaidi ni vibanda vitano vya watumwa, cha kwanza cha mwaka 1850 hivi, vilivyokarabatiwa ili kila kimoja kionyeshe kipindi chake, kuanzia utumwani hadi karne ya 20. Ziara yake inaeleza pia mpunga ulivyolimwa. Kasoro yake ni kwamba kwa mgeni wa kawaida ni kitu kimoja kati ya vingi: kuna bustani, gari la kuzungushwa, mashua, kinamasi, wanyama wa kushikwa na watoto. Mtu anaweza kumaliza siku nzima Magnolia bila kusikia habari za watumwa. Kwa hiyo ukifika getini, jambo la kwanza ni kuuliza ziara ya vibanda inaanza saa ngapi, ndipo upange mengine.

Drayton Hall ndiyo mahali pa mpenzi wa majengo. Ni nyumba ya matofali ya katikati ya karne ya 18, na ndiyo pekee kati ya nyumba kubwa za mto Ashley iliyopita vita vya uhuru na vita vya wenyewe kwa wenyewe ikiwa nzima. Vizazi saba vya familia viliitumia bila kuingiza umeme, mabomba wala mitambo ya kupasha joto. Shirika la taifa la kuhifadhi urithi lilipoichukua mwaka 1974 liliamua kuilinda kama ilivyo badala ya kuirembesha, kwa hiyo vyumba ni vitupu, dari zimechongwa kwa mkono, rangi imechakaa, na ubaoni kuna alama za penseli za urefu wa watoto wa familia walivyokua mwaka hadi mwaka. Karibu na lango kuna makaburi ya Waafrika na vizazi vyao, ya tangu miaka ya 1790 hivi. Richmond Bowens, aliyezaliwa pale mwaka 1908, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa wa shamba hilo, alirudi uzeeni kuwa mlinzi na msimuliaji wake. Alizikwa hapo mwaka 1998. Kwa matakwa yake makaburi hayakufyekwa wala kupambwa, na maneno yaliyoandikwa kwenye lango lake yanaomba waliolala waachwe wapumzike. Ingia kwa adabu ile ile ungeingia makaburini kwenu. Bustani hakuna ya kusimulia, na mnyama utakayemwona ni kwa bahati.

McLeod, na kwa nini naiweka juu

McLeod ni ndogo, ekari 37, na iko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Haina bustani ya maua. Haina kinamasi cha kutembezwa. Ilikuwa shamba la pamba ya nyuzi ndefu, ile ya visiwani, na mwaka 1860 watu 74 walikuwa watumwa hapo. Mwaka 1865 wanajeshi weusi wa kikosi cha 55 cha Massachusetts walipiga kambi kwenye ardhi hiyo, na nyumba ya bwana ikawa ofisi ya serikali ya kuwasaidia watu walioachwa huru kisiwani. Vibanda vya mbao bado vimesimama kwenye mstari kando ya barabara ya mialoni, na watu waliendelea kuishi humo hadi mwishoni mwa karne ya 20.

Mamlaka ya mbuga za kaunti iliifungua kwa umma mwaka 2015, na kuanzia hapo uamuzi wake ulikuwa mmoja: masimulizi yaanze vibandani. Hununui ziara ya watumwa kama nyongeza, maana ziara yenyewe ndiyo hiyo. Kiongozi anakusimamisha kwenye safu ya vibanda, anakueleza kazi ya pamba kuanzia mbegu hadi kuchambua, ndoa zilizovunjwa kwa mnada, uhuru ulivyofika na ulivyocheleweshwa tena kwa njia nyingine, hadi wajukuu waliopanga vyumba hivyo hivyo na kulipa kodi. Nyumba ya bwana unaiingia mwenyewe, ukitaka, na ina vitu vichache. Wapo wageni wanaolalamika kwamba ziara hiyo inawasononesha. Kwangu huo ni ushahidi kwamba inafanya kazi yake.

Kama wewe ni Mwafrika unayepeleka wanao, au unatembezwa na ndugu zako wanaoishi Marekani, ningekusihi usiondoke Charleston bila kuipitia.

Boone Hall nitaisema kwa ufupi. Barabara yake ya mialoni iliyopandwa mwaka 1743 ni ya kuvutia kweli, na vibanda tisa vya matofali vilivyopangwa kando yake ni adimu, kwa sababu vibanda vingi vya watumwa vilikuwa vya mbao na vimeoza. Shamba lilikuwa na kiwanda cha matofali katika karne ya 19, na kwenye matofali ya zamani ya Charleston bado zinaonekana alama za vidole vya walioyafinyanga, vingine vidogo vya watoto. Wasimuliaji wa Kigulla, yaani uzao wa watumwa wa pwani hii, hutoa masimulizi na nyimbo zao hapo. Lakini nyumba kubwa ni ya mwaka 1936, na mengi yanayouzwa pale yanaizunguka hiyo nyumba changa. Hapa na Magnolia unaweza kukuta maandalizi ya harusi. Binafsi siwezi kuielewa sherehe ya aina hiyo hatua chache kutoka vibandani. Nenda Boone Hall kama una watoto wanaotaka kuchuma stroberi msimu wake, au kama uko Mount Pleasant tayari. Barabara kuu namba 17 karibu na hapo ina vibanda vya wanawake wanaouza vikapu vya nyasi vilivyoshonwa kwa kuzungusha, vya asili moja na nyungo zilizopepetea mpunga wa mashamba haya. Bei ni kubwa kwa sababu kikapu kimoja ni kazi ya siku nyingi. Nunua kwa mshonaji mwenyewe, na usipunguziwe sana.

Kinamasi na wanyama wake

Kwa wanyama, mashamba mengine hayashindani na Magnolia. Kinamasi chake, kilichopewa jina la mchoraji wa ndege John James Audubon, kina ekari 60 za maji meusi yenye miti ya misaiprasi na mitupelo, na kilikuwa bwawa la akiba la mpunga. Unapita kwa miguu kwenye njia za mbao na vijia vya udongo, aligeta wakiota jua kwenye majukwaa waliyowekewa, kobe wa majini wakipanga mstari juu ya magogo. Machi hadi Juni yangeyange na koikoi hujenga viota kwa wingi kwenye vichaka katikati ya maji, na wanachagua hapo kwa sababu aligeta walio chini huwazuia rakuni wasipande kula mayai. Wakati mwingine kifaranga huanguka, na aligeta hupata ujira wake. Mbizi hukaa kwenye tawi akiwa ametandaza mabawa yakauke. Nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye kila mti ni mmea wa jamii ya nanasi unaojilisha kwa hewa na mvua, na hauunyonyi mti uliouegemea. Ada ya kinamasi ni tofauti na ya bustani, na kwa maoni yangu ndiyo pesa inayorudi vizuri kuliko zote pale.

Ukitaka kinamasi peke yake bila shamba, kuna sehemu mbili nyingine za kufikiria. Cypress Gardens, karibu na Moncks Corner, mwendo wa dakika 45 hivi, ilikuwa bwawa la akiba la shamba la mpunga la Dean Hall. Hapo unaingia kwenye mashua bapa na kupiga kasia mwenyewe kati ya miti. Mafuriko ya mwaka 2015 yaliifunga, ikafunguliwa tena mwaka 2019. Kwa familia inayopenda maji, inaishinda Magnolia. Ya pili ni msitu wa Francis Beidler, kama saa moja kutoka mjini, wenye misaiprasi ya zaidi ya miaka elfu moja ambayo haikuwahi kukatwa, na njia ya mbao ya takriban kilomita 2.8. Beidler ndiyo inayokuonyesha jinsi nchi hii ilivyokuwa kabla ya watu kulazimishwa kuikata kwa ajili ya mpunga. Wanyama ni vigumu kuwaona kuliko Magnolia, lakini ukimya ni mwingi na miti yenyewe inatosha. Angalia siku zake za kufungua kabla ya kuondoka, kwa maana si kila siku ya wiki.

Neno kuhusu aligeta kwa sisi tuliokua na hofu ya mamba. Aligeta ana pua pana zaidi, na kwa kawaida hana ukali wa mamba wa mto Nile. Hiyo haimaanishi ni rafiki. Kaa umbali wa mita 18 au zaidi, washike watoto mkono karibu na ukingo wa maji, na usimrushie chakula. Sheria ya South Carolina inakataza, na aligeta aliyelishwa na watu huacha kuwaogopa. Majira ya baridi hujificha na kula kidogo sana, kwa hiyo ukija Januari kwa ajili yao unaweza kuondoka bila kuwaona.

Ningechagua hivi

Kwa mgeni wa mara ya kwanza anayetaka vyote vitatu, yaani historia, bustani na wanyama, ningempeleka Magnolia lango linapofunguliwa. Aanze na kinamasi kabla ya joto na kabla ya mabasi ya watalii, afuate ziara ya vibanda, kisha bustani kwa saa moja tu. Saa saba au saa nane mchana aondoke kuelekea McLeod, asikie kisa kizima kutoka mwanzo. Ukigeuza mpangilio huo hupotezi sana, isipokuwa ndege na ubaridi wa asubuhi.

Kwa mpenda bustani, au kwa wazee wenu wanaotaka kutembea polepole na kukaa: Middleton peke yake, siku nzima. Ngazi na miteremko ipo, ila njia ya juu ni tambarare, na kuna mkahawa ndani unaopika vyakula vya nchi hiyo. Mpishi mashuhuri Edna Lewis aliwahi kuongoza jiko lake miaka ya 1980. Ukikuta kunde na wali, wali mwekundu wa nyanya, au bamia, agiza. Ni vyakula vilivyopikwa na watu wa Afrika kwenye majiko ya huku tangu mwanzo. Mzee asiyeweza kutembea sana kabisa atafaidi zaidi Magnolia, kwa lile gari la kuzungusha wageni kando ya mabwawa na mashamba ya mpunga wa zamani.

Anayesomea ujenzi au historia ya sanaa aende Drayton Hall asubuhi na Middleton mchana, kwa kuwa ziko barabara moja. Ngazi za ndani ya Drayton Hall ni nyingi, na chumba kitupu hakimpendezi mtoto, kwa hiyo sioni sababu ya kuwapeleka wadogo huko.

Mwenye bajeti ndogo achague McLeod tu, kisha mchana akatembee mjini. Makumbusho ya Kimataifa ya Waafrika Wamarekani yalifunguliwa Juni 2023 kwenye eneo la gati la Gadsden, ambako maelfu kwa maelfu ya mateka walishushwa kutoka melini. Kama safari yenu ina siku ya pili, iwe ya makumbusho hayo.

Usafiri: hakuna basi la umma la kukufikisha kwenye mashamba ya mto Ashley, hivyo kodi gari au jiunge na kundi. Ukijiunga na kundi, uliza kwanza wanakwenda shamba lipi na wanakaa saa ngapi, maana yapo yanayokupa dakika chache za bustani na duka la zawadi. Vaa viatu vilivyofunikwa, chukua maji na dawa ya mbu kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kati ya Juni na Novemba fuatilia habari za vimbunga. Tiketi za Magnolia na Middleton nunua mtandaoni mapema kama ni msimu wa azalia. McLeod piga simu au tazama tovuti usiku wa kuamkia safari ujue ziara ya mwisho ya siku inaanza saa ngapi, ndipo ukokotoe saa ya kuondoka Magnolia.